Moyo wa dereva, macho ya dereva: Mazungumzo kwa wakazi wa Bodo



Magari ya Safari Classic mnayajua, hata kama ni kwa kuyaona kwenye televisheni: Ford Escort, Datsun, Porsche 911, yote ya kabla ya 1986. Mashindano hayo yalianza 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya 1953, na mara kadhaa yameng'oa nanga Mombasa, ng'ambo tu ya Likoni. Wengi wa madereva wake hawalipwi. Ni mapenzi tu.

Umri peke yake si kizuizi. Björn Waldegård wa Uswidi, bingwa wa dunia wa 1979, alishinda Safari Classic ya 2011 akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi. Hebu fikirini lile joto na vumbi, siku baada ya siku.

Kinachoangaliwa ni mwili. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinamtaka dereva wa mashindano ya kimataifa apimwe na daktari kila mwaka: macho, moyo, presha, viungo. Aliyepita miaka 45 moyo wake huchunguzwa zaidi. Moyo ukigoma gari likiwa kasi, haumii dereva peke yake. Kando yake kuna mwelekezi, na barabarani kuna watazamaji. Gari nalo hufungwa fremu ya vyuma ndani, mikanda ya mabega na kizima moto, kwa kuwa bodi ya zamani haimkingi mtu.

Sasa tazameni barabara ya kutoka hapa Bodo. Anayeshindana kwa kujifurahisha hukaguliwa hivyo. Anayebeba wanafunzi watatu kwa pikipiki alfajiri, nani amempima macho? Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja, na kofia ngumu kwa wote wawili. Na aliyekesha baharini akivua, kisha asubuhi akawasha pikipiki, ana usingizi uleule wa dereva wa mbio, ila yeye hana mwelekezi wa kumgutusha.

Hospitali ya Rufaa ya Msambweni si mbali, na kupima presha ni dakika chache. Mwenye kisukari au kifafa amweleze daktari ukweli kabla ya kushika usukani, hata kama anahofia riziki yake. Abiria naye ana haki ya kumuuliza dereva amelala saa ngapi.