Pombe, Bangi na Amani ya Kambi

Leo tunasema juu ya lotoko, kanyanga, kasiksi na bangi.

Tuanze na neno ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mtu aliyeshikwa na pombe ni mgonjwa. Akimpiga bibi yake, kosa ni lake na lihukumiwe. Lakini matusi hayamponyi. Pengine alianza kunywa ili apate usingizi, asisikie tena milio ya bunduki kichwani. Kisha kikombe kimoja hakikutosha. Mwili ukazoea, na sasa asubuhi mikono inatetemeka mpaka anywe tena. Ndipo unga wa msaada unauzwa na watoto wanalala njaa.

Sikilizeni vizuri hapa. Jamaa wengine wanamfungia mlevi wao ndani ili aache mara moja. Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, hiyo ni hatari, anaweza kufa. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuona vitu visivyokuwepo na kusema ovyo. Msiseme amerogwa. Msimfunge kamba. Mpelekeni kituo cha afya upesi, hata kama ni usiku. Iko dawa ya kumtuliza, diazepam, na vitamini B1, lakini apewe na mganga kwa kipimo. Vidonge vya kununua sokoni navyo vinamshika mtu kama pombe ilivyomshika.

Na vijana wetu? Mwaka 2021 huko Kinshasa, vijana walivuta na kumeza unga ulioitwa bombé, uliochanganywa na vumbi la kifaa kinachosafisha moshi wa gari. Walisimama barabarani wakisinzia kama miti. Kijana asiye na shule wala kazi hadanganywi kwa shida. Wakubwa wa vikundi vya silaha wanalijua hilo. Wamewapa watoto bangi kabla ya mapigano ili woga uwatoke.

Mama anayepika lotoko, hatutaki kumwita adui. Anatafuta faranga za sabuni na za dawa ya mtoto. Mkimwaga mtungi wake leo, kesho atapika upande mwingine wa kambi, kwa siri zaidi. Afadhali kamati ikae naye, imtafutie nafasi katika likelemba ya akina mama, aanze kuuza maharagwe au makala. Lakini ajue jambo moja: lotoko iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Mnywaji akilalamika kwamba haoni vizuri, asingoje kesho.

Sasa ninyi wazee. Watu wawili wakigombana juu ya bomba la maji, mara nyingi mnawatoza faini ya pombe, nanyi mnainywa pamoja nao. Twajua ni desturi, na kunywa chombo kimoja kulikuwa alama ya kupatana. Lakini kijijini palikuwa na nafasi, na kila mtu alirudi kwake. Kambini hema linagusa hema. Neno la mlevi mmoja juu ya kabila la jirani linasikiwa na watu ishirini, na asubuhi si ugomvi wa maji tena, ni wa kabila na kabila. Tunawaomba faini iwe chumvi, sabuni au siku moja ya kusafisha vyoo, na barza ikutane asubuhi, kabla ya mtu yeyote kunywa.