Orodha ibandikwe ukutani

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Beni, tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi duniani

Vijana wenzetu, ba dada na ba kaka ba-infirmiye, muliofika hapa na muliobaki kazini,

Leo watu watawapa maneno matamu. Mutaitwa malaika. Siye tumekuja na swali. Mutu anayesimama usiku kucha na wagonjwa wengi peke yake, asiyeogopa damu wala kipindupindu, kwa nini anaogopa kufungua kinywa mbele ya mukubwa wake wa kazi?

Kuna wanaojibu haraka: "Ba-infirmiye ni waoga." Hapana. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2.200, wengi wao hapa kwetu Kivu ya Kaskazini na kule Ituri. Nani aliwagusa wagonjwa wale? Mwoga angekimbia. Kwa hiyo tuache kutafuta kosa ndani ya moyo wa muuguzi. Tuangalie namna kazi yake inavyoendeshwa.

Munajua mambo yalivyo. Mwenye namba ya matrikile na jina kwenye orodha ya Serikali anapata prime. Mwenzake anayeitwa "nouvelle unité" anafanya kazi ileile, miaka na miaka, akingojea jina lake litoke Kinshasa. Wakati anangoja, kinachomulisha ni kipande cha pesa ambazo wagonjwa wanalipa dirishani, zinazogawanywa mwisho wa mwezi. Nani anagawanya? Ofisi. Nani anaona orodha ya mgawanyo? Wachache. Nani anachagua wa kwenda semina yenye perdiemu? Ofisi ileile. Nani anaandika zamu za usiku na za siku kuu? Munajua jibu.

Njo hapo upendeleo unazaliwa. Hauhitaji mutu mwenye roho mbaya sana. Unahitaji tu kalamu moja na orodha iliyofungwa kwenye droo. Mpwa wa fulani hafanyi usiku. Rafiki wa fulani anaenda semina ya tatu mwaka huu. Yule aliyeuliza mwezi uliopita anakuta amehamishwa servisi, na hakuna aliyemweleza sababu. Wenzake wanaona, wanajifunza. Hakuna barua ya vitisho iliyoandikwa, lakini kila mutu ameisoma.

Siye wenye diploma tusio na kazi tunaujua mlango huu kwa upande wa nje. Unapeleka dosye, unaambiwa ngoja. Swali la kwanza si "umesoma nini?" Ni "nani amekutuma?" Na tuseme ukweli: aliyeingizwa kwa mkono wa mutu ameingia na deni. Deni hilo halilipwi kwa pesa, linalipwa kwa kunyamaza. Atasemaje juu ya orodha ya zamu, wakati yeye mwenyewe aliingia bila jina lake kupita kwenye orodha yoyote? Hivi upendeleo unajilinda wenyewe: kila unayemusaidia anakuwa mlinzi wake.

Musiseme ni mambo ya ndani ya hospitali, hayatuhusu. Mama anayejifungua saa nane ya usiku hachagui nani atamupokea. Kama aliyezoea kazi ya uzazi amehamishwa juu ya kuuliza, na fasi yake imepewa mutu wa familia, mama huyo atalipa. Mtoto wake pia.

Na tunajua fasi njia hii inaweza kufika. Wakati wa Ebola, kazi za Riposte zilikuja na pesa ambazo vijana wengi hapa hawakuwahi kuona. Nafasi nyingi ziligawanywa gizani. Mwaka 2020 wanawake zaidi ya 50 wa hapa Beni waliwaambia wanahabari kwamba wanaume waliojitambulisha kama wafanyakazi wa Riposte waliwanyanyasa kimwili, wengi wakidaiwa mwili ili wapate kazi au waibakize. Shirika la Afya Duniani liliunda tume huru, na mama Julienne Lusenge, Mkongomani mwenzetu, alikuwa mmoja wa viongozi wake wawili. Ripoti ilitoka Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe.

Tunataka mushike mambo mawili. La kwanza: kuomba mwili kwa ajili ya kazi na kugawa kazi kwa ndugu ni watoto wa baba mmoja, kalamu isiyoangaliwa. La pili: mwanamuke mumoja angesema peke yake, angeitwa mwongo na angepoteza kazi. Waliposema zaidi ya 50, dunia ililazimika kusikiliza.

Sasa sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumubagua Mkongomani katika kazi za Serikali juu ya familia, kabila au mawazo yake. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu. Na kifungu cha 27, tunaomba mukiweke kichwani: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka petisyo kwa mamlaka ya Serikali, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayeweza kushitakiwa juu ya kufanya hivyo.

Tunajua mutasema: karatasi haimuzuii chef kunihamisha. Ni kweli. Njo maana hatumuombi infirmiye yeyote atangulie. Petisyo ni haki ya kila Mkongomani. Siye tunaolipa dirishani, mama zetu wanaolazwa, vijana wanaongoja kazi, tunaweza kuuliza kwanza. Majina mia tano ya raiya yakiwa juu ya karatasi, hakuna atakayejua ni muuguzi gani alianza kulalamika. Na hakuna atakayemuhamisha mugonjwa.

Tunaomba mambo matatu tu kwa kila hospitali ya Serikali hapa kwetu:

Moja, orodha ya zamu za usiku na siku kuu ibandikwe ukutani kila mwezi, fasi wafanyakazi wote wanaona.

Mbili, mgawanyo wa pesa za wagonjwa ubandikwe pia: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, kwa hesabu gani.

Tatu, kila nafasi ya kazi na kila semina itangazwe, na jina la aliyechaguliwa litoke pamoja na sababu ya kumuchagua.

Hatujataja jina la hospitali wala la mutu, wala hatutaki kichwa cha mkurugenzi yeyote. Mkurugenzi mwema atafurahi, maana orodha ya ukutani inamulinda naye pia: ndugu yake akija kuomba upendeleo, atamuonyesha ukuta.

Kwenu ba-infirmiye, neno moja. Si lazima uwe shujaa. Anza kwa kidogo: mwenzako akihamishwa juu ya kuuliza, usimukwepe kwenye koridoo. Keti naye. Andika tarehe. Uliza sendika yako imefanya nini. Mutu mumoja aliyekatwa na wenzake njo anayeogopa. Wawili wanaanza kuhesabu.

Na kwetu siye tusio na kazi: siku mlango utafunguka, tuingie kwa jina letu wenyewe, ili tukiwa ndani tuwe na kinywa.

Karatasi za petisyo ziko pale mezani. Kalamu ziko. Tusaini kabla hatujatoka.