Vesti ya Kujishonea, na Deni Yetu ya Kitambaa

Mazungumzo ya kikundi cha kushona, mu mukutano wa mwezi wa chama, Fungurume

Tuliombwa tueleze namna mutu anaweza kujishonea vesti mu nyumba yake, vesti ya kweli, yenye dublire, ni kusema kitambaa cha ndani. Tutaeleza. Lakini kwanza tuseme jambo ambalo wengi wenu munajua nusu yake tu.

Mu siku za baridi za mwaka uliopita, chama kilitukopesha dola 72. Mulikubali kwa kunyoosha mikono. Tulinunua metre saba na nusu ya kitambaa cha rangi ya majivu, metre sita ya dublire nyeusi, na uzi, vifungo na vizelini. Ilikuwa ya kutosha vesti tatu. Mupaka leo hamujaona hata moja. Watu wakasema: « Bale ba kushona balishauzisha kitambaa. » Hatukuuzisha. Tuliharibu. Kitambaa kiko hapa mezani, kimekatwa vibaya, na kisha mukutano kila mutu aje akiguse kwa mukono wake.

Basi masomo ya leo ni makosa yetu wenyewe. Vesti tatu, makosa matatu.

Mutauliza: kwani vesti ni ya lazima? Munajua wenyewe. Kijana akienda kujionyesha kwa kazi, baba akienda kuzungumuza mahari ya binti yake, mama akiitwa kusema mbele ya watu, vesti inaingia mbele yake. Na mwezi wa sita na wa saba, asubuhi huku kwetu ni baridi ya kweli. Wengi wetu tunaazima. Mumoja wetu aliazima vesti kwa kwenda kuposa, na mwenye vesti akaifuata palepale, mbele ya wakwe, juu alikuwa na kilio siku ileile. Hakuna aliyekosea. Vesti ilikuwa moja na shida zilikuwa mbili.

Tena kushonewa vesti kwetu si kitu kigeni. Wazee wanakumbuka abakosti. Mu miaka ya 1970, wakati wa Zaire, Mobutu alikataza tai na kostimi ya kizungu, na wanaume wa ofisi wakavaa abakosti. Jina lenyewe limetoka mu Kifaransa, ni kusema « kostimi chini ». Ilikuwa vile mupaka tarehe 24/4/1990, siku alipotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, ndipo tai ikaruhusiwa tena. Miaka ile yote mafundi wa mitaa walikuwa wanakaa nyuma ya makina ya miguu na kuzishona.

Sasa, kwa nini siye tulishindwa? Juu tulijidanganya kwamba tunajua. Sindano tulijifunzia Zambia, mu kambi za Kala na Mwange. Kule tulikuwa tunanunua salaula, neno la Kibemba la kuchagua kwa kupekua lundo, tunabomoa, tunapunguza, tunauzisha tena. Mu mwaka wa 2007 HCR ilipoanza kuturudisha, wengine wakavuka Ziwa Tanganyika kutoka Mpulungu mupaka Moba, wengine wakapita na lori mupaka Pweto, kisha tukateremuka huku, kati ya Likasi na Kolwezi, kufuata kazi ya shaba. Tulirudi na ufundi wa kupunguza. Lakini kupunguza nguo ambayo mwingine alishakata, na kukata kitambaa ambacho bado ni kizima, ni kazi mbili.

Vesti ya kwanza: hatukukilowesha kitambaa.

Tulikitoa sokoni tukakikata siku ileile. Tulipopitisha fere ya makala na kitambaa chenye maji juu yake, kitambaa kikajikunja. Kifua kilikuwa cha mutu muzima, kikawa cha kijana. Dawa yake ni rahisi: mbele ya kukata, kama ni pamba, ufue na kukausha mara moja. Kama ni sufu, uweke kitambaa chenye unyevu juu yake na upige fere polepole pande zote. Dublire nayo uipige fere, lakini moto kidogo, na ujaribu kwanza kwenye kipande, juu dublire nyingi zinayeyuka. Na nyinyi wa fere ya makala, mupulize majivu inje ya nyumba. Jivu moja likianguka kwenye kitambaa cheupe, kazi ya siku mbili imeenda.

Vesti ya pili: kila mumoja alijipima peke yake.

Hii ndiyo ilituuma zaidi. Mwenye vesti alijipima kifua, kiuno na mukono, akaandika. Upana wa mugongo akaukisia. Alipovaa, mbele ilikaa muzuri, lakini alipopeleka mikono mbele kama mutu anayeendesha baiskeli, mushono wa nyuma ukalia. Wandugu, kujishonea haimaanishi kufanya yote peke yako. Mugongo wako hauwezi kuupima. Ukigeuka kutazama metre, mugongo wenyewe umeshageuka. Simama wima, mikono chini, upumue kama kawaida, na mwenzako akupime: kifua, kiuno, matako, upana wa mabega, upana wa mugongo kutoka kwapa mupaka kwapa, urefu kutoka mufupa wa shingo mupaka kiuno, na mukono ukiwa umekunjwa kidogo. Kisha kwenye kifua uongeze sentimetre 8 mupaka 12 za kupumulia. Usipoongeza, utakuwa umeshona ngozi, si vesti.

Na mbele ya kukata kitambaa cha feza, kata shuka nzee. Shona shuka ile kwa mishono mirefu, vaa, mwenzako achome pini pale inapokaza na pale inapolegea. Kisha bomoa: vipande vile ndivyo patro yako. Shuka yenye kutoboka ingetuokolea metre mbili na nusu. Ukiweka patro kwenye kitambaa, uzi wa kitambaa uende sawa na ukingo wake, kutoka juu mupaka chini. Ukilaza upande kwa kubana nafasi, vesti itajipinda mwilini kisha kuifua mara ya kwanza. Kama hauna chaki, kipande cha sabuni kavu kinaandika muzuri.

Vesti ya tatu: dublire ilikatwa sawasawa na vesti.

Hii ilikuwa imefika mwisho. Vifungo vilishaingia. Mwenyewe akavaa, akanyoosha mukono kuchukua kofia juu ya musumari, na tukasikia: praa! Dublire ilipasuka kwapani. Dublire haivutiki kama kitambaa cha inje, kwa hiyo lazima uipatie nafasi. Katikati ya mugongo uongeze mukunjo wa sentimetre 2 ao 3, kutoka shingo mupaka chini. Kwenye kwapa usiikate chini sana. Na upindo wa dublire ukae juu ya upindo wa vesti kwa sentimetre 2 hivi, lakini uache kitambaa kijikunje kidogo pale chini, kisivute vesti juu. Vesti ambayo upindo wake unajikunja ndani, mara nyingi si vesti yenye kosa, ni dublire fupi.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa ufupi, wenye kalamu waandike. Kwanza vizelini kwenye vipande vya mbele na kola: uweke fere juu yake, ukandamize kama sekunde 10 ao 15, inua, sogeza. Usikokote, itafanya mawimbi. Kisha mifuko, juu mifuko ni rahisi vesti ingali wazi mezani. Kisha mugongo, mabega, na pande. Kisha kola na rever. Kisha mikono. Kichwa cha mukono lazima kiwe kikubwa kuliko tundu lake, sentimetre 2 mupaka 4 hivi. Upitishe nyuzi mbili za kulegeza, uvute kidogo kidogo mupaka kiingie bila mikunjo. Kisha epoleti kama unapenda. Dublire ushone yote pembeni kama vesti ya pili, na mukono wake mumoja uache mushono wazi kama kiganja. Unganisha dublire na vesti uso kwa uso kwenye mbele na shingo, shika pindo za chini na za mikono, kisha pitisha vesti yote mu lile tundu la mukono. Ikitoka, funga tundu kwa sindano ya mukono. Mwisho vifungo: mwanaume, upande wa kushoto unalala juu, mwanamuke, wa kuume.

Na jambo moja kwa kila hatua: mushono ukiisha, piga fere, ndipo upitishe mushono mwingine juu yake. Mushono ambao haukupigwa fere utajulikana hata na mutu asiyejua kushona. Hatajua ni nini, lakini atasema tu: « Hii ni ya mu nyumba. »

Tumalizie na deni. Kutoka vipande vilivyobaki tulishona jile ndogo za watoto, tukauzisha wakati wa sikukuu, na dola 41 zimesharudi kwa mutunza feza. Zimebaki 31. Hatuombi mukopo mupya. Mwenzetu aliyesimama hapa mbele anavaa vesti ya ine, aliyojishonea kwa feza yake mwenyewe, kwa njia hii tuliyoeleza. Muangalie mugongo. Anyooshe mikono mumuone. Haikulia.

Siku ya posho, saa nane, tutaanza na wenye kupenda, palepale pa makina yetu. Kila mutu alete shuka nzee, metre, na mutu mumoja wa kumupima. Kazi tutakazopata kwa kufundisha na kushona zitalipa kwanza hizo 31.

Na yule aliyesema tuliuzisha kitambaa, tafazali naye aje. Wenye kupima mugongo hawatoshi.