Umekosea Kazini? Bado Una Haki ya Kusikizwa

Leo nataka tuongee juu ya kufutwa kazi, na hasa wewe uliyefutwa na unajua moyoni kwamba kweli ulikosea. Wewe ndiye hunyamaza. Unachukua nguo zako, unakwenda zako nyumbani, na ukiulizwa unasema, "Aa, makosa yalikuwa yangu."

Chukua mfano wa kijana wa godauni. Siku mbili hakuja kazini, hakupiga simu. Siku ya tatu anafika getini, mlinzi anamwambia, "Meneja amesema usiingie." Basi. Hakuna barua, hakuna kikao.

Kukosa kazini bila ruhusa ni kosa kubwa, tusidanganyane. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inalitaja pamoja na ulevi kazini na kumtukana mkubwa wako. Kwa makosa kama hayo waweza kufutwa bila notisi. Lakini bila notisi si bila kusikizwa! Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri kwanza akueleze kosa lako kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi uliyemchagua mwenyewe, kisha awasikize nyote wawili. Huenda yule kijana alikuwa hospitalini na mamake. Nani alimuuliza?

Mahakama ya kazi huangalia mambo mawili: sababu iwe ya kweli, na njia iliyofuatwa iwe ya haki. Moja ikikosekana, umefutwa isivyo haki.

Sasa hapa wengi hawapendi kusikia. Ukishinda, fidia ni hadi mishahara ya miezi 12. Nasema hadi. Kifungu cha 49 kinaitaka mahakama iangalie pia wewe ulichangia vipi kufutwa kwako. Kwa hivyo uliyeshinda kwa sababu hukusikizwa, na kosa ni lako kweli, waweza kutoka na mwezi mmoja au miwili tu. Ule ushauri wa maskani, kwamba bora hukuitwa kikao basi utalipwa mamilioni, uacheni huko huko maskani.

Ndiyo maana barua ya kujieleza ni muhimu sana. Wengine huikataa, wakidhani kuisaini ni kukubali kosa. Kusaini kwamba umeipokea si kukiri chochote. Ijibu, andika ukweli, taja sababu yako, ubaki na nakala. Kama ulimtumia supavaiza ujumbe kwamba una mgonjwa, usiufute.

Na siku ulizofanya kazi lazima ulipwe, hata kama ulifutwa kwa kosa.

Malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi 3 tangu ufutwe. Kesi mahakamani, miaka 3. Kama wewe ulifutwa mwaka juzi na bado unafikiria, toa barua yako leo uangalie tarehe.