Dawa Ipi? Mazungumzo Kuhusu Neno Moja



Naomba tulitazame neno tunalolitamka kila siku: dawa. Asili yake ni Kiarabu, ambako humaanisha kitu cha kumtibu mgonjwa. Waswahili walilipokea, wakalipanua. Leo tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya. Na katika mkoa huu wa Simiyu, unaosifika kwa pamba kuliko mikoa yote nchini, ipo dawa ya pamba, ambayo wengi wetu huiita "dawa" tu, bila kuongeza neno.

Wala si sisi peke yetu. Neno famasi, mnaloliona juu ya milango ya maduka, limetokana na lugha ya Wayunani wa kale, na kwao neno hilo lilibeba tiba na sumu kwa pamoja.

Wataalamu wametupatia neno kiuatilifu. Ni neno zuri, ingawa ni zito kinywani, na sokoni silisikii mara nyingi. Mkulima husema, "Nakwenda kununua dawa." Akimaliza kupulizia shamba, kinachobaki hukimimina katika chupa ya soda na kukiweka juu ya kabati, kando ya dawa ya kikohozi ya mtoto. Usiku mama akisema, "Niletee ile dawa," binti yake ataleta ipi?

Kwa hiyo nawaomba, nyumbani iiteni sumu ya pamba. Jina hilo hata mtoto mdogo hulielewa. Iacheni katika chombo chake chenye lebo, mkifungie mbali na chakula. Dukani kataeni ya kupimiwa katika chupa nyingine, hata ikiwa bei yake ni nafuu, maana hapo mnanunua kitu kisicho na jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa ya binadamu nayo inunuliwe kwenye famasi au duka la dawa lenye kibali, si pale inapouzwa mbegu.

Mtu akiinywa sumu hiyo kwa bahati mbaya, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa. Mpelekeni zahanati au hospitali mara moja, na chombo chenye lebo mkichukue. Tabibu atauliza jina lililoandikwa pale, na jibu la kwamba "amekunywa dawa" halitamsaidia.