Kuhamia Shahada ya Biashara: Sifa, Nafasi na Wakati

(Hotuba kwa vijana wa vyuo na wazazi wao)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi kila vyuo vinapofunguliwa. Kijana ameomba Shahada ya Biashara, nafasi zimejaa, naye akachaguliwa kusomea fani nyingine katika chuo kile kile. Anafika chuoni, lakini moyo wake umebaki kwenye uhasibu. Anauliza: Je, naweza kuhama? Naam, mlango upo, ila una masharti, na anayeyajua mapema huepuka kupoteza mwaka wake na heshima yake.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo chake cha Biashara na Menejimenti kilianzishwa mwaka 1979, na mwaka 2008 kikawa Shule Kuu ya Biashara. Mwanafunzi wa chuo hicho anayetaka kuhamia huko kutoka kozi nyingine huomba uhamisho wa ndani. Chuo chenyewe hupima ombi, kisha taarifa hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU.

Sharti la kwanza ni sifa. Katika matokeo ya kidato cha sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha jumla kwa mwombaji wa shahada ni pointi 4 katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi husika. Basi mwenye D mbili amefika mlangoni. Lakini mwenye B mbili, ambaye ana pointi 8, amesimama mbele yake. Kufikisha kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba, si ahadi ya kupokewa. Kadhalika masomo yenyewe hutazamwa, na kozi nyingi za biashara huangalia pia hisabati. Kwa hiyo kijana asome kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka wake kabla hajaandika ombi.

Sharti la pili ni nafasi. Kila kozi ina idadi yake maalumu. Hata mwenye alama nzuri huweza kujibiwa kwamba viti vimejaa, na jibu hilo si dhuluma.

Sharti la tatu ni wakati. Dirisha la uhamisho hufunguliwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kisha hufungwa. Anayengoja hadi mwaka wa pili, mara nyingi itambidi aanze upya, na huo ni mwaka mwingine wa chakula na malazi juu ya mabega ya mzazi.

Ndugu zangu, hapana budi tukumbuke pia mkopo. Kabla ya kuhama, mwanafunzi amwone afisa mikopo wa chuo chake, aulize kama mabadiliko ya kozi yatagusa fedha alizopangiwa. Mkopo wa Bodi si zawadi, bali ni deni. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato yasiyopungua asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu aliyeajiriwa. Basi deni hili lichukuliwe kwa hesabu, si kwa kufuata marafiki.

Wako pia vishoka wanaosema, "Nipe fedha, nitakuingiza." Huyo hana kiti cha kukupa. Na anayeingia kwa rushwa au kwa cheti cha kughushi ili ajifunze kutunza fedha za watu, amekwisha kuiharibu amana kabla hajakabidhiwa.

Je, ombi likikataliwa? Biashara haina mlango mmoja. Chuo cha Elimu ya Biashara kipo tangu mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha tangu 1972. Mwaka huo huo wa 1972 ilitungwa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na mitihani yake hupokea pia wahitimu wa shahada za fani nyingine. Aliyesoma takwimu, kilimo au ualimu akamaliza vizuri, bado anaweza kuwa mhasibu. Lakini aliyeidharau kozi yake akingojea uhamisho usiokuja, hupoteza yote mawili.

Nanyi wazazi, msimlazimishe mtoto kuhama kwa sababu tu jina la biashara lina mvuto. Muulizeni: Unapenda hesabu? Unaweza kuvumilia vitabu vya mapato na matumizi usiku kucha? Akijibu ndiyo kwa moyo wake, msaidieni kuwahi dirisha. Akisitasita, mwacheni aimalize kozi aliyonayo kwa bidii.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.