Nani Mpangaji wa Mtaa?

Wazee wa kanisa, mama zetu, vijana, na ninyi nyote mliotoka ibadani mkaja hapa kabla hata ya kuonja chai:

Nimeombwa nizungumze juu ya haki ya mkazi katika kupanga mtaa anamoishi. Nimeitwa kama wakili, lakini naomba nianze na kisa kilichonipata nikiwa mkazi tu.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na majirani zangu tuliitwa katika ukumbi wa shule tukatoe maoni kuhusu mustakabali wa mtaa tuliokuwa tumekodi nyumba. Mlangoni tulitia sahihi kwenye karatasi. Tukapewa soda na mkate. Ukutani ilitundikwa ramani kubwa ya rangi, maelezo yake yote kwa Kiingereza. Mahali pa nyumba zetu palikuwa na mstatili wa buluu. Mama mmoja auzaye mboga aliinuka akauliza bomba la maji liko wapi katika mchoro ule. Akajibiwa kwamba mchoro umekwisha kukamilika, ila maoni yake yamepokewa kwa shukrani. Baadaye nilibahatika kuisoma ripoti. Iliandikwa kwamba wakazi walishirikishwa kikamilifu, na ushahidi ulioambatanishwa ulikuwa orodha yetu ya sahihi. Yangu ilikuwa ya nne. Mimi, mtu wa sheria, nilikuwa nimetia sahihi kibali cha kusahauliwa kwangu mwenyewe, kwa bei ya soda moja.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza swali moja kila ninapoalikwa kwenye mkutano wa namna ile: je, kalamu imekwisha kugusa karatasi? Ikiwa imegusa, basi hatukuitwa kupanga. Tumeitwa kuarifiwa.

Sheria zetu hazina upungufu wa maneno mazuri. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, inauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Ikaja Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kisha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na zote zinamtaja mwananchi. Lakini kumtaja mtu na kumngoja aketi kabla ya kuanza kikao ni mambo mawili.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno ambalo limenifikirisha sana. Yule anayelipa kodi ya chumba mwisho wa mwezi tunamwita mpangaji. Na yule mtaalamu aketiye ofisini akigawa barabara, shule na mitaro ya maji taka, naye pia tunamwita mpangaji. Jina ni moja, ila katika historia ya Nairobi watu hawa wawili hawakuketi meza moja. Mpango mkuu wa mwaka 1948, uliochorwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulikuwa mpango wa mji mkuu wa koloni, na Mwafrika alihesabiwa humo kama mfanyakazi anayehitaji mahali pa kulala. Uhuru ukaja, desturi ikabaki. Wenye umri wanaikumbuka Muoroto, Mei 1990, askari wa jiji walipoingia na mabanda yakaanguka, na viongozi wa makanisa wakapaza sauti. Kutokana na bomoabomoa za miaka ile ndipo wakazi wa vijiji vya Nairobi walipokusanyika mwaka 1996 wakaanzisha Muungano wa Wanavijiji.

Sasa naomba twende Mukuru, kwa maana huko ndiko jambo hili lilikojaribiwa kwa ukubwa ambao sijauona mahali pengine nchini.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi na kampuni katika miaka ya sabini na themanini ili wajenge viwanda vidogo. Wengi hawakujenga. Watu wakaingia, wakaishi, wakazaa, wakazika. Mkazi wa Mukuru hakuwa na hati, lakini alinunua maji kwa mtungi kwa bei inayompita tajiri wa mtaa wenye bomba. Mwezi Agosti 2017, baada ya miaka mingi ya wakazi kujihesabu na kukusanya ushahidi, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa Eneo Maalum la Mipango. Maana yake kisheria ni kwamba ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Zilikuwamo kaya zaidi ya 100,000.

Mtu angeuliza, kaya laki moja zitaketije kikao kimoja? Haziketi. Walianza na nyumba kumi. Nyumba kumi zikazungumza kwa pamoja, zikatoa mwakilishi. Wawakilishi wakakutana, wakatoa wengine, hadi kufikia vikao vya sehemu nzima, ambako walikutana na wataalamu wa maji, wa afya, wa ardhi na wa fedha, kutoka kaunti, vyuo vikuu na mashirika. Mwenye kusoma Nehemia sura ya tatu atautambua utaratibu huo, maana katika ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu wako waliojenga kila mtu mbele ya nyumba yake. (Ni kweli kwamba Nehemia mwenyewe aliukagua ukuta usiku bila kuwaarifu wakubwa. Wapimaji wetu wameishika sehemu hiyo peke yake.)

Nini kilibadilika kwa sababu wakazi walikuwamo? Chukueni mfano wa barabara. Mhandisi ana kipimo chake cha upana. Kipimo hicho kikifuatwa kama kilivyo katika kijiji kilichosongamana, nyumba zinazovunjwa ni nyingi mno. Wakazi walijua ni njia ipi gari la zimamoto lazima lipite na ni njia ipi inayohitaji mkokoteni tu. Wakabishana juu ya mita, kwa sababu kila mita ilikuwa na mlango wa mtu. Njia nyingine zikakubaliwa kuwa nyembamba ili watu wabaki. Mtaalamu peke yake asingethubutu, na wakazi peke yao wasingejua kuitetea hoja yao kwa lugha ya mhandisi.

Baada ya Machi 2020, majukumu kadhaa ya jiji yalipohamishiwa idara mpya ya Serikali Kuu, barabara zilitiwa lami Mukuru, mitaro ya maji taka ikachimbwa, hospitali zikajengwa. Nimeziona. Sitakuwa wa kudharau lami kwa sababu tu imeletwa na wale ninaowakosoa.

Lakini sikieni na upande wa pili. Oktoba 2021, katika Mukuru kwa Njenga hiyo hiyo, matingatinga yaliingia kwa sababu ya barabara. Maelfu ya watu walibaki nje, wengi wao katika maturubai juu ya vifusi vya nyumba zao, mvua ikinyesha. Wakazi walilalamika kwamba hawakupewa notisi ipasavyo. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu, hata kama hana hati. Basi watu waliokuwa wamepanga mtaa kwa miaka minne walivunjiwa katika majuma machache. Wako wanaosema kwamba kisa hiki kinathibitisha kuwa ushirikishwaji ni kupoteza wakati. Mimi nakataa. Kinathibitisha kwamba mpango usiofungwa kisheria hadi hatua ya mwisho, pamoja na suala la nani mwenye ardhi, ni barua ya mapenzi isiyotiwa sahihi.

Mahakama nayo imesema. Kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, kilibomolewa Novemba 2011. Wakazi walienda kortini, na Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu wasio na ardhi wanaojenga maskani katika ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Angalieni neno "umma". Penye ardhi ya mtu binafsi mambo ni magumu zaidi, na wakili anayewaahidi vinginevyo anawauzia upepo.

Sasa nifike mahali ambapo huenda nikawaudhi baadhi yenu. Katika ukumbi huu wapo wanaolipa kodi, na wapo wanaopokea. Nawafahamu wa pande zote mbili. Mwisho wa mwaka 2001 huko Kibera, madai ya kupunguza kodi yaliwagonganisha wapangaji na wenye nyumba hadi damu ikamwagika. Kamati ya mtaa inapoundwa, mara nyingi wanaojaza viti ni wenye nyumba, maana ndio wenye nafasi mchana. Kisha fidia au chumba kipya kinapokuja, mpangaji aliyeishi hapo miaka ishirini anaambiwa yeye ni mgeni. Huko Huruma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa Kambi Moto walifanya jambo ambalo bado linanistaajabisha: wenye mabanda na wapangaji walikubaliana kwamba kila kaya ina haki ya nyumba moja, awe alikuwa na mabanda matano au hana hata moja. Makubaliano hayo hayakutoka kortini. Yalitokana na vikao virefu vya watu waliojuana kwa majina. Je, sisi tunaweza? Sijui. Lakini tukikwepa swali hilo leo, litajibiwa na mtu mwingine, naye hatatuuliza.

Wapimaji wameonekana mtaani kwetu mara mbili mwezi huu, na alama nyekundu ziko ukutani nyuma ya zahanati. Hatujapata barua yoyote. Kwa hiyo nimemwomba karani wa kanisa atuandalie madaftari. Kila nyumba kumi zichukue daftari moja. Andikeni jina la kila kaya, mpangaji na mwenye nyumba bila kubagua, mwaka walioingia, idadi ya watoto, mahali wanapochota maji, na risiti yoyote waliyo nayo, hata iwe ya karo ya shule. Msitie sahihi karatasi ya mtu mwingine yeyote kabla kazi hiyo haijaisha, hata mkiletewa soda. Jumamosi ya tarehe ya mwisho ya mwezi tutakutana hapa saa nane mchana, tuyasome madaftari kwa sauti, kisha nitaandika barua kwa ofisi ya mipango ya kaunti nikidai kuonyeshwa mchoro, kama upo. Madaftari yako pale mezani, karibu na birika la chai.